Nimempa mbwa wangu nusu kidonge cha parasetamoli. Je, nimemdhuru?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda hapa Morogoro. Tuna mbwa wetu anaitwa Simba, dume la kienyeji la miaka 4. Sijawahi kumpima uzito, ila nikimnyanyua namwona kama kilo 20 hivi, hafiki mfuko wa saruji hata nusu yake. Tangu baba watoto ahamishiwe kazi Mtwara, Simba ndiye mlinzi wetu, na watoto wamemzoea kama ndugu yao.

Alhamisi asubuhi hakuja mlangoni kama kawaida yake. Nilimkuta amelala chini ya tangi la maji, kwenye ile sementi yenye ubaridi. Ugali na dagaa wa jana yake hakuwa ameugusa. Pua imekauka, masikio ya moto. Nikachukua kipimajoto cha mtoto, nikambana nacho kwapani kwenye mguu wa mbele, kikasoma 39.3. Mwanangu akifika hapo huwa singoji kupambazuke. Basi usiku nikampa nusu kidonge cha parasetamoli, ile ya miligramu 500, nikaificha ndani ya kipande cha nyama.

Ijumaa asubuhi akaamka, akanywa maji, akatembea hadi getini. Tukamshukuru Mungu. Jioni akarudi palepale chini ya tangi. Leo Jumamosi hataki hata maziwa, na mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nimemtoa kupe masikioni, nimehesabu 14 nikachoka.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani ananiambia parasetamoli ni dhaifu, nimpe diklofenaki. Mama mmoja wa hapa mtaani anasema nimchemshie supu ya vitunguu maji na vitunguu saumu. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo ameniambia ana dawa ya sindano wanayowachoma ng'ombe wanaokojoa damu, niende atanipimia kidogo nikamchome mwenyewe. Baraka wangu wa miaka 9 hataki kuondoka pale kwenye tangi. Amemfunika Simba kwa khanga yangu.

Naomba uniambie ukweli, je, nimemdhuru? Joto la mbwa linatakiwa kuwa ngapi? Na je, nimmwagie maji baridi?

Mama Baraka, Kihonda

*

Marahaba Mama Baraka, na pole sana.

Wasomaji wangu wajue kwanza kwamba barua hii ilinifikia kwa simu Jumamosi saa 10 jioni, na sikuiweka ingoje siku ya safu. Nilimpigia Mama Baraka papo hapo nikamwambia asimpe Simba kitu kingine chochote, na ampeleke kwa daktari wa mifugo jioni hiyohiyo, asisubiri Jumatatu. Mkojo wa rangi ya chai kwa mbwa mwenye kupe na homa si jambo la kulala nalo. Amenikubalia nichapishe barua yake ili wengine wafaidike, na yaliyompata Simba huko alikopelekwa nitayasema.

Sasa nianze na lile swali ambalo najua lilikunyima usingizi. Nusu kidonge kile hakikumuua Simba, na kwa uzito wake haikuwa sumu. Miligramu 250 kwa mbwa wa kilo 20 ni kama miligramu 12 na nusu kwa kila kilo, na wapo madaktari wa mifugo wanaoitumia dawa hiyo kwa mbwa katika kiwango kinachokaribia hicho, kwa mpango na kwa kumfuatilia. Madhara huja pale mtu anapompa kidonge kizima mbwa wa kilo 5, au anaporudia rudia kila saa 4 kama afanyavyo kwa mtoto. Hapo ini huharibika, na damu yenyewe hubadilika ikashindwa kubeba hewa. Utaona fizi zimekuwa za kahawia, uso na miguu imevimba, mnyama anahema kwa shida. Na mwenye paka nyumbani anisikilize vizuri, maana paka hawezi kuivunja vizuri dawa hiyo mwilini mwake. Nusu kidonge tu kinatosha kumuua.

Kosa la nusu kidonge kile, Mama Baraka, lilikuwa kwingine. Asubuhi ile ya Ijumaa mliyoshukuru, Simba hakuwa amepona. Dawa ilikuwa imeshusha joto, ugonjwa ukaendelea na kazi yake chini kwa chini, nanyi mkapoteza siku nzima. Sikulaumu, maana mama yeyote angefanya hivyo. Lakini homa ni mjumbe, na ukimnyamazisha kabla hajasema alichotumwa, unabaki gizani.

Tuje kwenye joto lenyewe. Mbwa mzima mwenye afya ana joto la kati ya 38.3 na 39.2, yaani siku zote yuko juu yetu sisi wa 37. Ndiyo maana mkono wako ukimgusa sikio au tumbo utamwona wa moto hata akiwa mzima wa afya. Mkono haupimi homa ya mbwa. Pua nayo haipimi. Pua hukauka akilala, akiota jua, au akiacha tu kujilamba, na nimeshaona mbwa wa nyuzi 40.5 mwenye pua mbichi inayong'aa. Ile 39.3 uliyoipata kwapani ingekuwa imetoka mahali sahihi, ningekwambia ni mpakani tu. Lakini kwapa la mbwa lina manyoya na hewa inapita, hivyo mara nyingi husoma chini ya joto halisi, pengine kwa nusu nyuzi, pengine kwa nyuzi nzima. Kwa hiyo hofu yako ilikuwa ya kweli ingawa sababu uliyoifikiria haikuwa yenyewe. Kwa mtoto 39.3 ni homa, kwa mbwa ni karibu na kawaida, ila kwa Simba kipimo chenyewe kilikuwa kimedanganya.

Joto la mbwa hupimwa kwenye njia ya haja kubwa. Najua wengi wanaona aibu au wanaogopa kung'atwa, lakini ni kazi ya dakika 2 na mbwa wengi huvumilia kuliko tunavyodhani. Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa la kawaida, kile chenye ncha laini inayopinda ukikipata, na kiwe cha mbwa peke yake. Kipake rangi ya kucha kwenye mwisho wake wa kushikia ili asitokee mtu usiku, kwa haraka ya homa, akakitia mdomoni mwa mtoto. Vile vya kioo vyenye zebaki viache. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza au kuviagiza kati ya nchi na nchi, na mbwa akijirusha kikakatikia ndani, usijaribu kukichokonoa, mkimbize hospitali.

Kama alikuwa akikimbia au amelala juani, mwache kivulini nusu saa kwanza. Mnahitajika watu 2 wazima. Mwenye kushika asiwe Baraka, hata kama Simba anamsikiliza yeye kuliko wewe, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu huweza kumng'ata anayempenda. Mtu mmoja apige magoti ubavuni mwa mbwa, mkono mmoja upite chini ya shingo umvute kichwa kifuani kwake, mkono wa pili upite chini ya tumbo ili asikae kitako. Azungumze naye kwa sauti ileile ya kila siku. Mwingine apake mafuta ya mgando kwenye ncha ya kipimajoto, akiwashe, ainue mkia taratibu kuanzia shinani pake, kisha akiingize kwa kukizungusha kidogo kidogo, bila kusukuma, kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Kielekeze kiguse ukuta wa ndani, kisibaki katikati ya kinyesi, maana kikizama kwenye kinyesi kitasoma chini. Kishike pamoja na mkia, ili mbwa akiyumba, mkono wako uyumbe naye. Kikilia, kitoe, soma, andika. Kisha kioshe kwa maji ya kawaida na sabuni, ukifute kwa spiriti. Maji ya moto hukiharibu.

Nimesema andika, na hapo ndipo watu wengi huniangusha. Chukua karatasi, hata nyuma ya kalenda, uandike saa, joto, rangi ya fizi, amekula nini, amekojoa rangi gani. Daktari akipewa karatasi yenye vipimo 4 vya siku 2 anaujua ugonjwa zaidi kuliko akiambiwa "alikuwa wa moto sana". Fizi uzitazame kila unapopima. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole pawe peupe, kisha achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Zikiwa zimepauka, au za njano, au rangi inachelewa kurudi, hilo lina uzito kuliko namba yoyote.

Kuanzia 39.5 nahesabu ni homa. Mbwa mzima wa 39.6 au 39.8 anayekunywa maji, anayekula japo kidogo na kuinua kichwa akiitwa, unaweza kukaa naye nyumbani ukimpima kila saa 4 au 6, lakini homa isivuke siku moja kabla ya kuonwa. Ikipita 40, aonwe siku hiyohiyo. Ikifika 41 ni dharura ya saa hiyo, uwe usiku au mvua. Watoto wa mbwa, majike wenye mimba, na jike aliyemaliza kipindi chake cha kutaka dume wiki chache zilizopita kisha akashikwa na homa na kunywa maji mno, hawa wote sisubiri namba. Kwa huyo jike huenda ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi, hata kama humwoni akitokwa na kitu.

Na kuna namba nyingine ambayo watu hawaiogopi inavyostahili. Miaka mingi iliyopita baba mmoja alinipigia asubuhi kwa furaha kwamba mbwa wake, aliyekuwa na homa siku 3, sasa "amepoa". Nilipofika nilimkuta mbwa amelala ubavu, fizi nyeupe kama chaki, kipimajoto kinasoma 36.4. Alikuwa anakufa, na saa moja baadaye alikufa mikononi mwetu. Mbwa mgonjwa akishuka chini ya 37.5 huku amelegea, mfunike blanketi, ingia garini.

Nyumbani umfanyie nini wakati unasubiri? Mlaze kivulini penye hewa, kwenye sakafu ya baridi kama aliyoichagua mwenyewe chini ya tangi. Khanga ya Baraka imejaa upendo, lakini mwondoleeni, imfunike tu akitetemeka. Maji safi yawe karibu na pua yake asilazimike kusimama. Akikataa, mpe kidogo kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, pembeni mwa shavu na si kooni. Mchuzi wa kuku usio na chumvi humvuta mgonjwa kunywa. Ila usithubutu kutia vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na kwa ugonjwa niliokuwa naushuku kwa Simba, chembe hizohizo ndizo zilizokuwa zinaliwa. Supu ile ya mtaani, kwa nia njema kabisa, ingemaliza kazi ya kupe.

Maji ya baridi kumwagia, hapana, si kwa homa. Homa mwili umeipandisha wenyewe, na ukimshtua kwa barafu utamtetemesha na joto litapanda tena. Akiwa amepita 40 na mko njiani, lowesha kitambaa kwa maji ya bomba, mpanguse nyayo, kinena na kwapa, basi. Kinyume chake ni mbwa aliyefungiwa ndani ya gari au aliyefungwa mnyororo juani Dodoma mchana wa Oktoba. Huyo hana homa, amechomwa na joto la nje, anatweta, mate yananata, anayumba. Huyo mmwagie maji mengi hapohapo, mpepee, umpime kila dakika chache, na akishuka hadi 39.5 acha maji umkimbize kwa daktari. Watu huzichanganya hali hizi mbili kila siku, na dawa ya moja ni adhabu ya nyingine.

Diklofenaki na ibuprofeni zitoe kabisa akilini. Kwa mbwa hutoboa tumbo na kuua figo. Nimewahi kupokea mbwa mkubwa wa ulinzi aliyepewa diklofenaki siku 3 kwa sababu anachechemea. Kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami, na ile lami ilikuwa damu yake mwenyewe. Hatukumuokoa. Na sindano ya ng'ombe wanaokojoa damu, ambayo mara nyingi huwa ni diminazini, kwa mbwa ina nafasi ndogo mno kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachoharibu ubongo. Imetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300. Kumpimia mbwa wa kilo 20 kwa macho, bila hata kumweka kwenye mizani, ni kumchezea. Aliyekuambia hivyo alitaka kukusaidia pengine, lakini usirudi kwake kwa hilo.

Kuna hali moja ambayo sitaki mtu ashike kipimajoto kabisa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate mengi, anayeng'ata vitu ovyo au ameshindwa kumeza, au aliyewahi kung'atwa na mbwa asiyejulikana na hana chanjo, huyo usimfungue mdomo wala usimguse. Mfungie, mwite afisa mifugo. Akiwa ameshamng'ata au kumkwaruza mtu, oshea jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali ya binadamu siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina tiba.

Sasa Simba. Kabla ya kuondoka nyumbani Mama Baraka alimpima kama nilivyomwelekeza kwa simu, dada yake ameshika kichwa: 40.6. Fizi zilikuwa zimepauka. Daktari aliyempokea alichukua tone la damu kwenye ukingo wa sikio, akalipaka kwenye kioo, akaviona vijidudu vya babesia ndani ya chembe nyekundu. Huletwa na kupe. Vikizaliana hupasua chembe, na rangi ya zile chembe zilizopasuka ndiyo iliyokuwa kwenye mkojo. Alipimwa uzito, kilo 18, akachomwa imidokabu, dawa ya kuua vijidudu hivyo, kwa uzito huo. Alitoa mate na kutapika kidogo baada ya sindano, jambo la kawaida kwa dawa hiyo. Mama Baraka alimweleza daktari kuhusu ile parasetamoli, siku na saa, na alifanya vema kutoficha, kwa sababu inaamua ni dawa gani nyingine isitolewe juu yake. Jumapili asubuhi Simba alisoma 39.4. Jumatatu 38.9, akala uji na nyama ya kusaga.

Mama Baraka, kupe walewale 14 hawakuwa wote. Kupe wa mbwa hukaa nyumbani mwenu, kwenye nyufa za ukuta, chini ya lile tangi, hata nyuma ya pazia, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kila jioni mpapase Simba katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, umtie kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimpake mbwa mafuta ya taa. Mwombe daktari dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa na ipimwe kwa zile kilo 18, na nyufa za banda zizibwe kwa saruji. Kama dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo iliyopo, usiichanganye kwa kukisia. Morogoro mna bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wasomaji wa mikoani waanzie kwa afisa mifugo wa kata, na wachukue namba yake leo wakati mbwa ni mzima.

Sindano ya pili ni baada ya siku 14 tangu ile ya kwanza. Hadi hapo mpime asubuhi na jioni, uandike na rangi ya mkojo. Akitokwa na damu puani, au joto likirudi juu ya 39.5, usingoje siku 14, mrudishe, huenda kupe walimwachia ugonjwa wa pili unaohitaji antibiotiki ya doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Mkabidhi Baraka ile karatasi na kalamu. Yeye asome namba, wewe na dada yako mumshike Simba.